Sarafu kuukuu za nyanya zilivyozua kizaazaa

Ukimwomba mtu pesa leo, iwe ni Gikomba ama Marikiti kule Mombasa, unamwomba kitu kilichoacha kutumika zamani sana. Pesa ilikuwa sarafu. Kilikuwa kipande cha shaba cha duara, na vipande 64 ndivyo vilivyofanya rupia moja. Neno lenyewe lilivuka bahari kutoka Bara Hindi pamoja na rupia na ana. Ndugu zetu wa Tanzania nao wana neno lao, hela, walilolitoa katika heller ya Wajerumani. Sarafu zilikufa, majina yake yangali vinywani mwetu kila siku.

Nasema zilikufa, lakini hazikuzikwa zote. Nyingine zimo chini ya vitanda vya nyanya zetu, ndani ya mikebe ya biskuti, zimefungwa katika vipande vya leso. Mimi ni mwalimu hapa Nairobi, na tangu nikiwa mwanafunzi nimekuwa nikikusanya sarafu za shaba. Nilianza na ndururu, ile senti tano yenye tundu katikati na pembe mbili za ndovu ubavuni. Wenzangu walizitia kamba wakazivaa shingoni, mimi nikazipanga katika kurasa za daftari la hesabu.

Huwa naulizwa kwa nini nisikusanye za fedha au dhahabu, ambazo angalau zina faida. Jibu langu ni kwamba dhahabu na fedha zina marafiki wengi. Shaba ndiyo iliyokuwa pesa ya mama aliyenunua dagaa na chumvi, ya mpagazi, ya mtoto aliyetumwa dukani. Imesuguliwa na vidole vya watu ambao hakuna kitabu kilichoandika majina yao. Na kwa kuwa thamani yake ilikuwa ndogo, hakuna aliyejali kuihifadhi. Ilipopigwa marufuku iliyeyushwa, ikafanywa washa ya kufungia bolti, ikafanywa kidani, au ikalala tu ardhini ikaliwa na chumvi ya pwani. Ndiyo maana iliyosalia ikiwa safi ni adimu.

Basi mwaka juzi nyanya yetu mzaa mama alituaga kule Rabai, akiwa mkongwe wa kupindukia. Baada ya matanga, jamaa walifungua sanduku lake la mbao. Mlikuwa na leso kadhaa, Biblia, picha za wajukuu, na mkebe ulioshika kutu. Ndani ya mkebe mlikuwa na sarafu 43.

Mimi nilikuwa nimesharudi Nairobi. Habari zilinifikia kwa simu ya mjomba, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeokota almasi.

"Mwanangu, tumepata sarafu ya mwaka 1299! Imezidi miaka 700!"

Kumbe mtoto wa jirani, anayesoma madrasa, alikuwa amepita uani akazikuta zimeanikwa kwenye ungo. Kwa kuwa tarakimu za Kiarabu anazijua, akasoma mwaka ulioandikwa: 1299. Mtoto hakukosea hata kidogo. Aliyepiga hesabu ni mjomba. Kufikia jioni ya siku hiyo kijiji kizima kilijua kwamba kwa marehemu kuna mali, na kufikia Jumatano alikuwa amejitokeza bwana mmoja kutoka Mombasa, mwenye gari na maneno matamu, akitaka mkebe wote kwa mkupuo.

Si vizuri kumcheka mjomba. Bintiye wa mwisho alikuwa ameitwa chuo kikuu, na karo ilikuwa haijulikani itatoka wapi. Mtu mwenye mzigo kama huo akiambiwa ana kitu cha miaka 700, ataanza vipi kushuku? Nami nilipanda basi la usiku nikijua kwamba nakwenda kuwa mbeba habari mbaya.

Mwaka 1299 ulioandikwa kwenye sarafu ile ni wa Hijria, kalenda ya Kiislamu. Inaanza kuhesabiwa tangu Mtume Muhammad alipohama Makka kwenda Madina, mwaka 622, na kwa kuwa hufuata mwezi, mwaka wake ni mfupi kuliko wetu kwa siku kama 11 hivi. Ukipiga hesabu, 1299 ni mwaka 1882. Mwaka huo Sultani Barghash bin Said wa Unguja alitoa sarafu zake za shaba. Upande mmoja una jina lake, upande wa pili una mizani, ishara ya haki sokoni. Mwambao wetu wa Kenya ulikuwa chini ya sultani wa Unguja, na hata Waingereza walipotawala, ukanda wa maili kumi uliendelea kuhesabiwa kuwa wake hadi 1963. Kwa hiyo hakuna ajabu pysa za Barghash kuonekana Rabai. Zilitolewa kwa wingi, na hadi leo si haba. Iliyochakaa kama zile za nyanya haizidi sana bei ya kilo moja au mbili za nyama.

Nilipomweleza mjomba hayo alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza kama nina hakika, au nimekuja kuwaharibia watu riziki.

Ajuaye historia atasema kwamba mjomba hakuwa mbali sana na ukweli, kwani miaka 700 iliyopita pwani hii ilikuwa na sarafu zake yenyewe. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu ndogo za shaba zenye majina yao, na maandishi ya upande mmoja yalikuwa na vina na ya upande wa pili, kama ubeti. Sarafu hizo zilisafiri. Moja, ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ilipatikana kwenye magofu ya Great Zimbabwe. Na mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu katika ufuo wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Tano kati yake zilikuja kutambuliwa kuwa za Kilwa. Zilifikaje huko hadi leo wataalamu wanabishana. Lakini sarafu ya Kilwa haina mwaka. Hutambuliwa kwa jina la sultani. Kwa hiyo atakayekuonyesha sarafu ya pwani yenye mwaka 1299 akaiita ya kale ya Kilwa, mpe pole uende zako.

Tulimwaga mkebe juu ya mkeka, mama, mama mdogo, mjomba na mimi, tukaanza kuzipambanua. Hapa ndipo nilipomzuia mama mdogo, aliyekuwa amekwisha kuandaa ndimu na jivu ili azing'arishe kabla bwana wa Mombasa hajarudi. Wengi hufikiri hivyo, na ndivyo sarafu nyingi nzuri zilivyoharibika. Rangi ya hudhurungi iliyotanda juu ya shaba ni kinga yake, na ndiyo mkusanyaji anayoitafuta. Ukiisugua kwa ndimu, au kwa ule waya wa kusugulia sufuria, unaondoa miaka mia moja kwa dakika moja na kubaki na kitu kinachong'aa kama kifungo kipya, na bei inashuka papo hapo. Iliyo na matope ilowekwe katika maji safi, kisha ikaushwe kwa kitambaa laini bila kusugua. Ishikwe ukingoni, kwani jasho la kidole huacha alama. Na isitiwe katika vile vifuko vya plastiki laini, ambavyo baada ya muda huitoa shaba ute wa kijani. Bahasha ndogo ya karatasi, mahali pakavu, inatosha kabisa.

Haya, kulikuwa na nini? Pysa za Barghash zilikuwa 24, nyingi za 1299 na chache za 1304. Pesa za kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, zenye tai upande mmoja na Kiarabu upande wa pili, zilikuwa sita, za 1890 na 1891. Hizo nadhani ziliingia kwa biashara kutoka upande wa Tanga. Pesa za Malkia Victoria za 1897 na 1898 zilikuwa saba. Moja ilikuwa na mnazi.

Ile ya mnazi ilinishtua. Ni senti 10 ya Unguja ya mwaka 1908, wakati wa Sultani Ali bin Hamud, Unguja ilipojaribu kuwa na rupia ya senti mia. Toleo lake lilikuwa dogo, na zilizosalia leo ni chache. Miaka yote niliyokusanya sikuwahi kuishika mkononi. Kwenye ule mkeka hakuna aliyeitazama mara mbili kwa kuwa iliandikwa 1908 kwa tarakimu za kawaida, na tena ilikuwa imetobolewa juu, karibu na makuti. Mtu alikuwa ameivaa. Mama alikumbuka kwamba ilikuwa ya nyanya alipokuwa msichana, akiivaa kwa uzi mwekundu. Kwa mkusanyaji, tundu hilo limekata thamani yake vibaya sana. Kwa mama, bila tundu hilo isingekuwa na maana yoyote. Nilijiona nikiwa pande zote mbili kwa wakati mmoja, na si hali ya raha.

Zilizobaki zilikuwa tano, na nne kati yake ndizo zilizotufanya tuache kuzungumza habari ya bei kwa muda.

Ni pesa za Mombasa. Zina jua lenye miale na taji, jina la Mombasa na mwaka 1888, na upande wa pili mizani kama ile ya Barghash, pamoja na mwaka wa Hijria 1306. Hazikutolewa na sultani wala malkia. Zilitolewa na kampuni, Imperial British East Africa Company, ya Sir William Mackinnon, yule ambaye jina lake limebaki katika mji mdogo wa Mackinnon Road katika barabara ya Voi. Kampuni hiyo ilipewa hati na Malkia Victoria Septemba 1888, ikafanya Mombasa makao yake, ikawa na askari, ikatoza ushuru, ikapiga sarafu kama serikali. Pesa zake za shaba zilipigwa Calcutta, na ukichungulia kwa kioo cha kukuzia utaona herufi C na M, alama ya kiwanda hicho. Kwa kipimo ni kubwa kidogo kuliko shilingi kumi yetu ya leo. Kampuni haikudumu. Fedha zilipungua, ikashindwa kuendesha nchi, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikachukua mahali pake. Kwa hivyo ni sarafu za utawala ulioishi miaka saba tu.

Mtu wa Rabai ana sababu ya kuzitazama kwa jicho jingine. Miaka hiyo watumwa wengi walikuwa wametoroka mashamba ya pwani na kukimbilia misheni ya Rabai na nyinginezo. Waliojiita mabwana zao walidai warudishwe, na palikaribia kumwagika damu. Wakala wa kampuni, George Mackenzie, akafanya mapatano: mabwana walipwe fidia, na watoro wapewe karatasi za uhuru. Tarehe 1 Januari 1889 karatasi hizo zilianza kutolewa hapo hapo Rabai. Walioandikiwa uhuru kwa mpango huo, Rabai na misheni nyingine, walizidi 1,400.

Nyanya alikuwa akisema kwamba babu yake alikuwa mmoja wao. Tulipokuwa watoto tulilisikia hilo kama tunavyosikia hadithi za sungura, tukisubiri chakula kiive. Karatasi yenyewe haipo. Mama anasema iliungua nyumba ya makuti iliposhika moto kabla yeye hajazaliwa. Sasa tulikuwa na vipande vinne vya shaba vya kampuni ile ile, vya mwaka uliotangulia siku ile. Siwezi kudai kwamba babu wa nyanya alivishika vinne hivi. Pesa ni mpita njia, huenda viliingia nyumbani miaka ishirini baadaye kwa mauzo ya tui. Lakini mtu aliyekuwa bei yake imepangwa kwa fidia, akatoka hapo akawa na pesa yake mwenyewe mfukoni, alishika sarafu kama hizi, kama si hizi. Hilo sina shaka nalo.

Mama mdogo alichukua moja akaifumbata mkononi. Hakuirudisha kwenye mkeka mpaka tulipoandaliwa chai.

Bwana wa Mombasa alikuja kesho yake. Alikuwa mwepesi wa kusema kwamba pysa hazina thamani, akazisukuma kando, lakini vidole vyake vilirudi mara tatu kwenye zile nne. Akataja bei ya mkebe mzima. Haikuwa bei ya kutukana, ingetosha nauli, godoro na karo ya miezi kadhaa. Nikamuuliza anazipeleka wapi. Akasema ana wateja ng'ambo, huzibeba mwenyewe kwenye mkoba.

Hapo niliona ni haki jamaa zangu wajue jambo moja ambalo familia nyingi hazilijui. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu makumbusho na turathi za kitaifa inahesabu kuwa kitu cha kale chochote kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895. Kitu kama hicho hakitolewi nchini bila kibali. Tazama jinsi mstari huo unavyoukata mkebe wetu: sarafu za Victoria za 1897 na ile ya mnazi ziko upande mmoja, lakini Barghash, Wajerumani na zile nne za Mombasa ziko upande wa pili. Hazina ukubwa wa kumshtua mtu wa forodha. Unaweza kuzipitisha ndani ya soksi. Ndiyo maana zimekwisha.

Bwana yule alicheka akasema sheria haijawahi kumshika mtu kwa senti. Pengine ni kweli. Mjomba naye alisema neno ambalo bado linanikereketa: "Wewe una mshahara, mwanangu. Ni rahisi kwako kupenda historia. Shaba hailiwi."

Sikuwa na jibu la kumpa, na sidhani lipo la maneno. Tulikaa kikao cha familia hadi usiku. Mama alikuwa wa kwanza kusema hauzi, mama mdogo akamfuata. Mjomba akasema basi wenye kukataa ndio walipe. Na kwa kweli tulilipa. Karo ya muhula wa kwanza tulichanga, mimi nikitoa fungu kubwa, na binamu zangu wa Kilifi na Voi wakatuma kwa simu. Muhula wa pili ulikuwa mgumu zaidi, na msichana mwenyewe akapata mkopo wa serikali. Yuko mwaka wa pili sasa. Mjomba bado hunitania kwamba ningekuwa nimemjengea nyumba ya mawe.

Kabla ya kurudi Nairobi nilifanya kazi moja ambayo nawashauri wenye mikebe kama huo waifanye, iwe wanauza au hawauzi. Nilinunua daftari, nikaiandika kila sarafu kwa nambari: imetoka wapi, ina mwaka gani, ina alama gani, ina uzito gani kwa mizani ya sonara, na ni nani anayekumbuka nini juu yake. Nikaipiga kila moja picha pande zote mbili. Nakala moja iko kwa mama, moja kwa mjomba, moja kwangu. Sarafu bila maelezo ya ilikotoka ni shaba tu, na maelezo yenyewe yanakaa vichwani mwa wazee ambao hawatatungoja. Ile habari ya uzi mwekundu ilikuwa kwa mama peke yake, na kama hatungemwaga mkebe siku ile akiwepo, ingekwenda naye.

Mkebe uko kwa mama mdogo. Ile ya mnazi ameitia uzi mpya, mwekundu vile vile, na nimeambiwa alikwenda nayo kanisani Krismasi iliyopita.

Hesabu makini itakuonyesha kwamba sijataja sarafu ya 43. Ni ndogo na nyembamba kama ukucha, nyeusi, na ukingo wake haukukatwa duara sawasawa. Haina mizani, haina tai, haina mwaka. Kwa kioo cha kukuzia naona kitu kama mkia wa herufi ya Kiarabu, au labda ni mkwaruzo. Mama hakumbuki kuiona kamwe. Nimemwomba mama mdogo aje nayo Mombasa likizo ya Aprili, tuipeleke Fort Jesus wakaitazame watu wanaojua. Mjomba hajaambiwa.